Kutoka Mambrui Hadi Gedi kwa Siku Moja

Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na mwalimu mmoja mstaafu mbele ya wazee, kina mama na vijana wa Mambrui.



 Nilipoulizwa nitazungumza juu ya jambo gani, niliona sina habari za siasa wala za kilimo zilizo mpya kwenu, ila ninayo habari ya safari niliyoifanya pamoja na mpwa wangu. Ilikuwa safari ya siku moja tu, kwa nauli yetu wenyewe, wala hapana aliyetutuma. Tulikwenda Gedi kutazama magofu.

Najua wako watakaocheka, maana Gedi si mbali, na watoto wa shule hupelekwa huko kwa magari. Lakini hebu tuulizane: ni watu wazima wangapi wa mji huu waliokwenda kwa hiari yao? Mimi nimesomesha miaka mingi, na Gedi nimefika mara nyingi, lakini naona haya kusema kwamba kila mara nilikuwa nikihesabu watoto wasije wakapotea msituni. Sikupata kutazama ukuta hata mmoja sawasawa.

Sababu ya safari hii ni kiwanja. Mpwa wangu ana kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, upande wa mji unaoelekea baharini. Alipoanza kuchimba msingi wa nyumba yake, kiasi cha mikono miwili chini, sururu iligonga ukuta. Si mwamba, ni ukuta hasa: mawe ya matumbawe yaliyopangwa na kushikwa kwa chokaa, na upande mmoja umepakwa lipu laini kama kiganja cha mtoto. Pembeni yake vilitoka vigae, vingine vya vyungu vya kawaida, na vingine vyeupe vyenye michoro ya rangi ya samawati. Fundi alifurahi mno. Akamwambia, “Bwana, Mungu amekupa mawe ya bure. Tuyang’oe, tupate ya msingi, na yatakayobaki tujengee choo.”

Mpwa wangu akaja kwangu baada ya sala ya isha. Akaniuliza, “Mjomba, wasemaje?”

Sikumjibu usiku ule. Ni jambo jepesi kwa mtu aliyekwisha jenga nyumba yake kumwambia asiyekuwa nayo aache mawe ya bure. Bei ya mawe ya kuchonga mnaijua, na kijana ana mke na watoto wawili, nao wanalipa kodi kila mwezi. Nikamwambia tu, “Kabla hujang’oa hata jiwe moja, twende Gedi ukaone nyumba kama hiyo uliyoikuta, iliyofukuliwa ikaachwa mahali pake. Ukirudi utaamua mwenyewe, nami sitakulaumu.”

Sasa kabla sijawafikisha Gedi, niruhusuni nitoke kidogo niende mbali. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni baharia, aliniletea picha za mji wa kale wa Efeso, uliomo katika nchi ya Uturuki. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo. Ulikuwa mji wa Wagiriki, kisha ukatawaliwa na Warumi, na baadaye na wafalme wa Bizanti waliokaa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. Palikuwa na hekalu la Artemi, ambalo watu wa kale walilihesabu kuwa mojawapo ya maajabu saba ya dunia. Katika picha ile niliona uwanja wenye majani na maji maji, na katikati yake nguzo moja tu, nayo imesimamishwa kwa kuunganisha vipande vipande, na juu yake ndege amejenga kiota.

Nikajiuliza, hekalu lote lilikwenda wapi? Nikatafuta vitabuni. Mawe yake mengi yalichukuliwa na watu wa nchi ile ile, wakayajengea majumba mapya. Mengine, kwa kuwa yalikuwa ya marumaru, yalitiwa tanuuni yakachomwa yakawa chokaa. Ndivyo ilivyokuwa katika miji mingi ya Wagiriki. Sanamu zilizochongwa kwa ufundi wa ajabu zilipakwa ukutani zikiwa chokaa, na waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na nyumba za kujenga, kama mpwa wangu. Na bandari ya Efeso, iliyoutajirisha mji ule, ilijaa udongo ulioletwa na mto, hata leo bahari iko mbali na mji kwa mwendo wa maili kadhaa.

Tuliondoka Mambrui alfajiri, matatu ya kwanza. Tulipovuka daraja la Sabaki jua lilikuwa linachomoza, na maji ya mto yalikuwa mekundu kama uji wa wimbi. Nilimwonyesha mpwa wangu maji yale nikamweleza habari ya bandari ya Efeso. Udongo ule watoka bara, katika mashamba ya Ukambani na zaidi ya hapo, nao ndio unaoichafua bahari ya Malindi wakati wa mvua na kuusogeza ufuo wake mbele mwaka baada ya mwaka. Wazee wa Malindi wanajua mahali ambapo mashua zilifungwa zamani, na leo ni mchanga mkavu. Mpwa wangu akasema, “Kwa hiyo Ukambani wanahamia kwetu kidogo kidogo.” Watu ndani ya gari wakacheka.

Malindi hatukukaa sana. Tulisimama karibu na Msikiti wa Juma kuyaangalia makaburi ya nguzo, lile refu la karne ya 15 na lile fupi lililo jirani yake. Nguzo ya msalaba ya Vasco da Gama tuliiona kwa mbali tu. Twajua wote kwamba alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapokewa vizuri baada ya kukosa mapokezi Mombasa, na kwamba hapo ndipo alipopewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Kila mgeni hupelekwa kwenye nguzo ile. Sina ubishi nayo, ila huona ajabu kwamba mtu aliyepita siku chache tu anakumbukwa kwa nguzo nyeupe juu ya mwamba, na wale waliompa maji na ndizi na rubani hawaulizwi walikaa nyumba gani.

Kutoka Malindi hadi Gedi ni kama kilomita 16 kwa barabara ya Mombasa. Tulishuka njia panda tukaenda kwa miguu. Langoni tulipokewa na binti mmoja mwenye kuwaongoza wageni. Akatuamkia, “Shikamooni.” Nikamjibu, “Marahaba, mwanangu.” Nilimwambia hatuna haraka, na kwamba huyu kijana ana shida na ukuta. Hakuelewa, lakini alicheka akatuongoza.

Mji wa Gedi umezungukwa na ukuta wa nje unaokusanya eneo la ekari kama 45, na ndani yake uko ukuta mwingine unaozunguka jumba la mtawala, msikiti mkuu na nyumba za wakubwa. Uko ndani ya msitu, maili nne hivi kutoka baharini. Mji ulikuwa umestawi katika karne ya 15, na ulihamwa kabisa mwanzoni mwa karne ya 17. Baada ya hapo msitu ukauficha. Sir John Kirk aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja aliufikia mwaka 1884. Ulitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kale mwaka 1927. Na mwaka 1948 James Kirkman akaanza kuufukua, kazi iliyoendelea miaka kumi. Mwezi wa Julai 2024, shirika la UNESCO liliuandika mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, orodha ile ile iliyoandikwa Efeso mwaka 2015. Mpwa wangu alisimama kidogo aliposikia hayo. Hakujua kwamba mji wa jirani umewekwa safu moja na miji ya Wagiriki.

Jambo moja lililowasumbua wataalamu ni kwamba Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, nao waliandika mengi juu ya pwani yetu, lakini Gedi hawakuitaja. Mji wenye nyumba za mawe na jumba la mtawala, mwendo wa nusu siku tu kutoka walipokuwa wakila na kulala! Labda waliuita kwa jina jingine. Kirkman alidhani jina lake la zamani lilikuwa Kilimani, na kwamba Gedi ni neno walilolileta Waoromo baadaye. Mimi napenda kufikiri kwamba wenyeji hawakuwaonyesha njia, lakini hayo ni ya kwangu, msiyaandike.

Tulianzia kwenye makaburi. Liko kaburi moja ambalo juu ya lipu yake imechorwa tarehe kwa Kiarabu, mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. Mpwa wangu alisoma chuoni kwetu hapa Mambrui, akaisoma tarehe ile mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Nilimwona akiisoma mara ya pili, kwa sauti ndogo. Kisha tukaenda msikiti mkuu. Juu ya mlango mmoja umechongwa mkuki wenye ubao mpana, jambo ambalo hamtaliona katika misikiti ya Bara Arabu, na nje ya msikiti liko birika la kutawadhia na kisima kirefu sana. Tulichungulia ndani. Binti akatueleza kwamba miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwa mji ni kushuka kwa maji ya visima. Zinatajwa sababu nyingine pia: vita vya Wazimba waliopita pwani hii mwaka 1589, kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi katika miaka iliyofuata, na kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini. Yamkini hazikuwa sababu moja. Mtu hahami nyumba ya mawe kwa sababu moja.

Ndipo tukaingia kwenye nyumba. Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pote, nami nataka niwaelezeni polepole.

Nyumba za Gedi zina majina, lakini si majina ya wenyewe, kwa sababu hayajulikani. Kirkman aliziita kwa vitu alivyovikuta ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha za Kichina, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Fikirini tu: ushanga mmoja ulitoka katika nchi ya Italia, ukavuka bahari na majangwa, ukafika shingoni mwa mwanamke wa Gedi, uzi ukakatika, ushanga ukaanguka sakafuni ukapotea, naye bila shaka aliutafuta siku ile mpaka akachoka. Leo nyumba yake yaitwa kwa ushanga ule. Nilimwambia mpwa wangu kwamba nyumba yangu mimi, wakija kuifukua, itaitwa Nyumba ya Miwani Iliyokaliwa.

Kila nyumba ina ua wa mbele ulio chini kidogo, kisha vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kiko chumba cha kuwekea mali kisichokuwa na mlango kabisa. Aliyetaka kuingia alipita tundu la juu kwa ngazi. Kiko choo ndani ya nyumba, na mahali pa kunawia. Katika nyumba mojawapo mtu amechora jahazi ukutani kwa ncha ya kitu chenye makali, kama watoto wetu wachoravyo magari. Mwenye nyumba lazima aligomba.

Mpwa wangu hakusema kitu kwa muda mrefu. Nilipomtazama, alikuwa ameweka kiganja chake juu ya lipu ya ukuta mmoja, chini karibu na sakafu, mahali ambapo mvua haikuila. Akasema, “Mjomba, ni ile ile.” Nikamwuliza, “Ile ipi?” Akasema, “Lipu. Ni ile ile iliyo kwangu.” Kisha akaenda kwenye choo akakitazama tena, akarudi akacheka peke yake. “Hawa watu walikuwa na choo cha mawe ndani ya nyumba miaka mia tano na zaidi iliyopita,” akasema, “na mimi nataka kuvunja nyumba yao ili nipate mawe ya choo.”

Hapo kima mmoja aliyekuwa juu ya ukuta aliruka akatunyakulia mkate uliokuwa mfukoni mwa kikapu, na kwa hiyo chakula chetu cha mchana kikawa ndizi mbili.

Tulipokuwa tumekaa kivulini, mpwa wangu akauliza swali ambalo nalisikia mara nyingi hapa kwetu. “Mjomba, hawa walikuwa Waarabu?” Nikamwambia kwamba Kirkman na wenzake wa zamani walifikiri hivyo, ya kuwa miji hii ilijengwa na wageni waliovuka bahari. Wataalamu waliokuja baadaye, wengi wao wakiwa wenyeji wa Kenya, waliona vinginevyo: vyungu vilivyo vingi katika magofu ni vya kienyeji, na katika sehemu nyingi za pwani chini ya nyumba za mawe hukutwa alama za nyumba za udongo na miti zilizotangulia. Na mwaka 2023 ilitolewa habari ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa pwani na bara yake kati ya mwaka 1250 na 1800, kutoka Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na kwingineko. Ilionekana kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Uajemi, hasa kwa upande wa baba. Mpwa wangu akafikiri, kisha akasema, “Basi ni kama sisi.” Nikamwambia, “Ndiyo, ni kama sisi. Hata shangazi zako wangetambulikana pale.”

Binti yule alikuwa akisikiliza. Sasa alikwisha elewa shida ya ukuta, akamwuliza mpwa wangu kama ameng’oa chochote. Akajibu kwamba fundi ameng’oa mawe machache ya juu, na vigae wamevikusanya katika ndoo. Binti akasikitika kidogo, lakini hakumkemea. Alisema maneno ambayo nimeyashika, nami nayaeleza kwa namna yangu.

Kigae cha Kichina kikiwa ndani ya ndoo ni kigae tu. Kikiwa ardhini mahali pake ni shahidi. Wachina walibadili umbo na michoro ya vyombo vyao kila zama, na vitabu vyao vyaeleza, kwa hiyo mtaalamu akikiona kigae aweza kujua kimetengenezwa karne gani. Na akikikuta chini ya sakafu, ajua kwamba sakafu ile haikutandazwa kabla ya wakati huo. Hivyo ndivyo Kirkman alivyopata miaka ya nyumba za Gedi, tabaka kwa tabaka. Lakini ukichanganya vya juu na vya chini katika ndoo moja, ushahidi umekufa, wala hapana wa kuufufua.

Nilinyamaza kimya, wazee wangu, kwa sababu nilikumbuka jambo langu. Nilipokuwa mtoto hapa Mambrui, baada ya mvua kubwa tulikuwa tukiokota vigae ufuoni na kando ya makaburi. Siku moja niliokota kipande kikubwa, karibu nusu ya bakuli, chenye mchoro wa ua katikati. Akapita mgeni mmoja, akanipa senti za kununua halua, nikampa bakuli. Halua ile niliimaliza kabla ya kufika nyumbani. Na kipande kile, kama hakikuvunjika, kimo ndani ya kabati la mtu katika nchi nisiyoijua, na mwenyewe labda amekwisha kufa, na watoto wake hawajui neno Mambrui. Sikupata kumweleza mtu habari hii mpaka siku ile pale Gedi. Mpwa wangu akaniuliza, “Ilikuwa halua ya ngapi?” Sikumwambia.

Kwa maana sisi wenyewe, ndugu zangu, hatuna upungufu. Kaburi letu la nguzo mnalijua. Nguzo yake ilikuwa ndefu sana, na ilipambwa kwa bakuli za Kichina za zama za Ming zilizopachikwa katika chokaa. Ilianguka katika miaka ya 1930, na wazee waliotuzaa waliikumbuka ikisimama. Katika makaburi mengi ya pwani yetu yamebaki mashimo ya duara tu, mahali ambapo bakuli ziling’olewa.

Na mwaka 2010 walikuja hapa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Peking pamoja na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakachimba. Wengine wenu mlifanya kazi ya kubeba mchanga, nanyi mwajua kuliko mimi. Walipata fedha ndogo ya Kichina yenye tundu la mraba katikati, iliyopigwa kati ya mwaka 1403 na 1424, zama za mfalme aitwaye Yongle. Walipata vigae vya kijani kutoka matanuu ya Longquan, na mavi ya chuma, yaani takataka za tanuu la kuyeyushia chuma. Mfalme Yongle ndiye aliyepeleka merikebu kubwa chini ya amiri Zheng He mpaka bahari zetu, na kumbukumbu za Wachina zasema kwamba mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea twiga, na watu wa mji mkuu wakatoka kumshangaa. Na al-Idrisi, mwandishi wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na chuma na kukifanyia biashara.

Sasa fikirini. Wako wataalamu wasemao kwamba Malindi ile ya kale, Malindi ya chuma na ya twiga, yawezekana haikuwa pale ulipo mji wa Malindi leo, bali ilikuwa hapa, Mambrui. Wako wengine wasiokubali. Jambo hilo halijaamuliwa, na kitakachoamua kimo ardhini, chini ya viwanja vyetu, chini ya minazi na majiko na vyoo vyetu. Gedi ilihifadhiwa na msitu kwa sababu watu waliihama. Sisi hatukuhama. Hapana msitu wa kutuhifadhia, na kila ajengaye hapa, apende asipende, anajenga juu ya mtu. Siwezi kuwaambia watu wasijenge. Mji ulio hai hauwezi kufungwa kwa ua na tikiti.

Sheria ya nchi ya mwaka 2006 yataka kwamba mtu akikuta kitu cha kale apeleke habari kwa Makumbusho. Wengi wetu twaiogopa sheria hiyo, twadhani tukisema tu, kiwanja kitachukuliwa. Mpwa wangu aliogopa vile vile. Tuliporudi Malindi alasiri, tulizunguka mara mbili kabla hajakubali kuingia ofisini. Hatimaye aliingia, akaeleza, akaandikisha mahali na siku. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeng’olewa jino: aliyapapasa mashavu, akaona bado yapo.

Tulifika Mambrui kabla ya magharibi. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kiwanjani, akamkuta fundi amekwisha ng’oa safu mbili nyingine kwa bidii yake, akamwambia aache. Fundi alidhani hakulipwa vizuri. Ikabidi tumweleze yote, habari ya ushanga, ya mkasi, ya choo, na ya nguzo ya Wagiriki yenye kiota cha ndege. Alisikiliza akiwa amekalia mawe yale yale. Kisha akasema, “Basi mngeniambia mapema,” akaanza kuyarudisha aliyoyang’oa usoni, moja moja, ijapokuwa nilimwambia kwamba hayawezi kurudi yalivyokuwa.

Tulichukua kamba tukapima upya. Nyumba ikisogezwa hatua tisa kuelekea kusini, ukuta wote wa kale wabaki nje ya msingi, chini ya ua, nao waweza kufunikwa kwa mchanga mpaka watakapokuja wajuao kufukua. Choo kitakwenda upande wa nyuma. Mawe itabidi yanunuliwe, kwa hiyo chumba kimoja kitangoja mwaka ujao. Hayo tuliyakubali wanaume watatu, tukijiona tumefanya jambo kubwa, mpaka mke wa mpwa wangu alipotoka na taa akaitazama kamba tuliyoitandaza. Akaniuliza kwa adabu, “Mjomba, na jiko langu mmeliweka wapi?”

Hatukuwa tumeliweka popote. Tukapima tena, na mara hii yeye ndiye aliyeshika ncha ya kamba. Jiko limepata mahali chini ya mwembe, mahali penye upepo, wala mwembe haukatwi. Kesho asubuhi wataanza kuchimba msingi mpya. Mwenye sururu ya kuazima na aje nayo, lakini fundi amesema kwamba safari hii atatangulia yeye mwenyewe, kwa koleo ndogo.